Kinga ya muda Burundi: ilikuwa bei ya amani, au kesi ya ngedere ilipelekwa kwa nyani?

Mtoto wa Kasulu (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Naomba tulijadili hili bila matusi na bila kuulizana makabila.

Nimekulia Kasulu. Kwetu vita vya Burundi havikuwa habari ya redioni, vilikuwa foleni ya watu barabarani wenye magodoro kichwani. Mzee mmoja mkimbizi alikuwa akilima kibarua shambani kwetu, tukamzoea tukamwita babu. Siku redio iliposema wakubwa wametia saini, sisi watoto tukashangilia. Yeye akaendelea kupalilia. Baadaye akamwambia baba kwamba baadhi ya waliosaini anawajua, na waliochoma kwao pia anawajua, na tatizo ni kwamba ni walewale.

Nimelibeba neno hilo hadi utu uzima. Sasa nieleze ninavyoliona.

Mkataba wa amani wa Arusha, wa kumaliza vita vya Burundi, ulisainiwa 28 Agosti 2000. Mwalimu Nyerere ndiye aliyeanza usuluhishi, akafariki Oktoba 1999, Mandela akaupokea mzigo. Kwenye karatasi ni mkataba mzuri kuliko mingi ya Afrika. Haukuficha maneno: mauaji ya kimbari na ubaguzi vimetajwa kwa majina yake. Mikataba ya haki za binadamu ikaelekezwa iwe sehemu ya katiba. Zikaahidiwa tume ya kimataifa ya uchunguzi, mahakama kama uchunguzi ungebaini uhalifu mkubwa, na Tume ya Ukweli na Maridhiano.

Lakini makundi mawili makubwa yenye silaha, CNDD-FDD na FNL, hayakuwamo. Ili CNDD-FDD waingie, yakafuata makubaliano ya Pretoria na Dar es Salaam mwaka 2003, na humo ndimo tunakutana na kitu kinaitwa kinga ya muda, yaani kutoshtakiwa kwa sasa. Muda hadi lini? Hadi vyombo vya haki vianze kazi. Avianzishe nani? Serikali. Na serikali baada ya uchaguzi wa 2005 ni akina nani? Wengi wao ni wenye kinga! Pierre Nkurunziza mwenyewe mahakama ilimhukumu kifo mwaka 1998 bila yeye kuwepo, kwa kesi ya mabomu ya kutegwa ardhini. Miaka saba baadaye ni rais. Mwaka 2006 wafungwa zaidi ya 3,000 wakatoka gerezani chini ya mwavuli huohuo. Sheria ya Tume ya Ukweli ikapita 2014, miaka 14 baada ya saini. Mahakama hadi leo hakuna.

Swali langu: aliyeandika "muda" bila kuandika tarehe, alisahau au alijua?

Jiwe la Pembeni

Alijua. Na alifanya vizuri.

Mkuu, mwaka 2003 una mtu ana maelfu ya wapiganaji porini. Umwambie "njoo usaini, ukimaliza tukupeleke mahakamani tarehe fulani"? Angerudi zake porini siku hiyohiyo, na babu yako wa Kasulu angeendelea kupalilia kwenu hadi afe. Haki ya kwanza ya binadamu ni kuamka mzima. Watu kama 300,000 walikuwa wameshakufa.

Wakili wa Jioni

Jiwe, mbona unaongea kama kinga ile ilifunika kila kitu? Makubaliano yale hayakusamehe mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya binadamu wala uhalifu wa kivita. Kilichotolewa ni kusimamisha mashtaka, si kuyafuta. Kosa liko kwenye saa: aliyekabidhiwa saa ndiye asiyetaka igonge.

Halafu hiyo hoja ya "bila kinga hakuna saini" tuiangalie Sierra Leone. Julai 1999 kwenye mkataba wa amani wa Lomé, kiongozi wa waasi Foday Sankoh alipewa msamaha kamili, akapewa na uongozi wa tume inayosimamia madini. Ukarimu gani tena unautaka? Mwakilishi wa Umoja wa Mataifa akasaini huku akiweka angalizo kwamba msamaha huo hauhusu uhalifu mkubwa wa kimataifa. Haukupita hata mwaka, Mei 2000 wapiganaji wa Sankoh wakateka mamia ya walinda amani. Msamaha haukununua chochote. Mwaka 2002 ikaundwa Mahakama Maalumu, na Charles Taylor aliyekuwa rais wa Liberia, aliyewasaidia waasi hao, akaja kufungwa miaka 50.

Ila nikubali kitu kimoja kinachoniuma kama mwanasheria. Mahakama ile iliwezekana kwa sababu waasi walikuwa wameshindwa na Waingereza walikuwa na askari pale. Burundi hakushinda mtu. Walikaa mezani wote wakiwa na bunduki mgongoni.

Jiwe la Pembeni

Asante kwa kunimalizia hoja, Wakili.

Na mnasahau kilicholinda watu kwa kweli. Siyo mahakama, ni hesabu. Bungeni na serikalini Wahutu 60 na Watutsi 40 kwa mia, Seneti nusu kwa nusu, Watwa viti vyao, wanawake wasipungue 30 kwa mia. Na kubwa zaidi, jeshi: hakuna kabila kuzidi nusu. Jeshi lililoua Wahutu 1972 na kumuua Rais Ndadaye 1993 likavunjwavunjwa likachanganywa. Ndiyo maana jaribio la mapinduzi la Mei 2015 liliongozwa na Jenerali Niyombare, Mhutu aliyetoka CNDD-FDD hiyohiyo, dhidi ya rais Mhutu. Wakagombana kisiasa, si kikabila. Mimi hilo naliita ulinzi wa haki za binadamu, hata kama halina jaji mwenye joho.

Mtoto wa Kasulu

Hesabu zimesaidia, sibishi. Lakini Jiwe, 2015 hiyohiyo unayoisifia, Pierre Claver Mbonimpa, mtu aliyetumia maisha yake kutetea wafungwa, alipigwa risasi ndani ya gari. Alipona kwa kudra za Mungu. Watu zaidi ya 400,000 wakakimbia nchi. Sisi huku Kigoma tuliona kambi ya Mtabila inafungwa mwishoni mwa 2012, tukaambiwa vita vimekwisha rudini kwenu, na miaka mitatu haijaisha kambi ya Nduta ikafunguliwa upya. Foleni ileile, magodoro yaleyale. Oktoba 2017 Burundi ikajitoa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai.

Hizo asilimia zako zinahesabu waliomo serikalini. Waliokufa nani anawahesabu?

Mpita Njia

Tume ya Ukweli inawahesabu, tatizo ni inaanzia wapi na inaishia wapi. Mwaka 2020 walifukua makaburi ya Ruvubu kule Karusi, mabaki ya watu zaidi ya 6,000, Wahutu wa 1972. Desemba 2021 wakatangaza kuwa yale yalikuwa mauaji ya kimbari. Sawa kabisa, watu wale walizikwa kimya kwa karibu nusu karne, wajane wao wakikatazwa hata kulia.

Lakini wanafunzi Watutsi wa Kibimba waliochomwa Oktoba 1993 je? Seminari ya Buta, Aprili 1997, vijana 40 walioambiwa wajitenge Wahutu huku Watutsi kule, wakakataa, wakauawa pamoja? Mbona koleo linapofika huko linakuwa butu? Ndiyo maana mimi tume naiunga mkono nusu. Nusu nyingine nasubiri.

Jiwe la Pembeni

1972 ilisubiri zaidi ya miaka 40, ndugu. Lazima kuanzia mahali.

Mpita Njia

Kuanzia, ndiyo. Nimeuliza kuhusu kuendelea.

Mama Mawese

Ndugu zangu, nimesoma yote. Mnajua sana tarehe. Mimi niwape habari ya shamba.

Wazazi wangu walikimbia Rumonge mwaka 1972 nikiwa sijazaliwa. Nimezaliwa Ulyankulu, Tabora, nimesoma huko, Kiswahili hiki ninachoandika ni cha huko. Wengine wa rika langu walibaki wakapewa uraia wa Tanzania, karibu watu 162,000. Baba yangu alikataa. Alisema michikichi yake inamsubiri. Tukarudi.

Michikichi ilikuwepo kweli. Na mtu alikuwepo. Alikuwa na watoto wanane na karatasi ya serikali inayosema shamba ni lake, amegawiwa kihalali miaka ile ya nyuma. Hakuua mtu huyo. Alipewa tu. Tume ya ardhi, ile CNTB iliyoanzishwa 2006, wakati huo ilikuwa inagawa katikati, nusu yako nusu yake. Tukagawana. Baba alilia, na yule bwana alilia, nimewaona wote wawili. Baadaye tume ikageuza msimamo, ikaanza kusema aliyekimbia arudishiwe lote. Majirani wakaanza kutuambia tuende tukadai nusu iliyobaki. Wapo waliodai wakapata, na wapo waliokuta nyumba imechomwa kabla hawajahamia.

Sasa kaka mleta mada, haki ya binadamu hapo ni ya nani? Ya baba aliyefukuzwa kwa bunduki, au ya watoto wanane waliozaliwa hapo wasiojua pengine? Mkataba wa Arusha ulisema wakimbizi warudishiwe mali zao, au walipwe fidia. Hiyo fidia ndiyo sijawahi kukutana na mtu aliyeishika mkononi. Mngepigania hiyo kama mnavyopigania mahakama, kule kwetu watu wangelala.

Wakili wa Jioni

Mama, umenipiga mahali penyewe. Fidia ilikuwemo, na ni ahadi rahisi kuandika kuliko zote kwa sababu hailazimishi mtu kukiri kosa. Inataka hela tu, na hela hazikutengwa.

Mtoto wa Kasulu

Dada, shikamoo kwa baba kama yupo. Nibadilishe swali langu basi: kama leo mngekaa mezani, mngeandika tarehe ya mahakama au mfuko wa fidia? Kimoja tu.

Jiwe la Pembeni

Mfuko.

Mpita Njia

Tarehe. Mfuko bila aliyekiri ni rushwa ya kuninyamazisha.

Mama Mawese

Baba alishafariki, kaka. Marahaba nakupokelea mimi. Nusu ile hatukuidai. Mashine ya kukamulia mawese tunatumia moja na yule bwana, zamu yetu Jumanne na Ijumaa. Wanawe wakubwa hawatusalimii. Yeye hutusalimia.