Mdogo wangu ameambiwa ana wasiwasi: tupime na tezi ya shingo?

Dada Mkubwa: Wanajukwaa, naomba ushauri. Mdogo wangu, mwenye miaka 27, tangu mwezi wa nne halali vizuri, moyo humwenda mbio hata akiwa ameketi tu, mikono inamtetemeka, na nguo zote zimempwaya ingawa anakula kunishinda. Daktari alimwuliza habari za kazi na ndoa, akasema ni ugonjwa wa wasiwasi, akamwandikia dawa. Siyadharau maradhi ya akili, kwani mama yetu aliugua sonona na dawa zikamsaidia. Linalonisumbua ni kwamba hakuna aliyemgusa shingo wala kumtoa damu. Je, aziache dawa kwanza?

Muuguzi Mstaafu: Pole, dada. Asiziache ghafla, maana baadhi ya dawa hizo zikikatwa kwa siku moja huleta wasiwasi upya, na hapo mtashindwa kujua kipi kimeletwa na nini. Kaombeni kipimo cha damu cha TSH, yaani homoni inayoiamuru tezi ya shingo kufanya kazi. Tezi ikifanya kazi kupita kiasi huleta dalili hizo hizo. Mtu anayekonda huku anakula sana, asiyevumilia joto, na ambaye mapigo yake hayatulii hata usingizini, ni wa kupimwa. Kosa hili ni la kale: Robert Graves, daktari wa Dublin ambaye ugonjwa mmoja wa tezi huitwa kwa jina lake, alieleza mwaka 1835 habari za wanawake wenye mapigo makali ya moyo na uvimbe wa shingo, na mmoja wao alikuwa amedhaniwa kuwa na histeria.

Mpita Njia: Mimi naonya upande wa pili. Nilipima moyo mara tatu, na tezi pia, vyote vikawa salama, lakini nilipoteza mwaka mzima, na akiba yangu, kwa kukataa kuonana na daktari wa akili. Majibu yakiwa safi, yakubalini.

Babu Kijana: Kaka yangu hutumia dawa ya lithiamu kwa ajili ya baipola, ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Alipoanza kunenepa, kusinzia na kukata tamaa, tulidhani sonona imerudi, kumbe lithiamu huweza kuidhoofisha tezi, na tezi dhaifu nayo huleta huzuni. Hakuachishwa lithiamu, aliongezewa homoni ya tezi, na sasa hupimwa damu kila baada ya miezi 6.

Dada Mkubwa: Nawashukuru nyote. Usiku nimemhesabia mapigo akiwa amelala fofofo: 112 kwa dakika. Tunaondoka asubuhi, na dawa zake tunakwenda nazo.