Bomba chini ya zege la njia ya gari

*Nyumbani Uyole, Mbeya (kundi la familia kwenye simu)*

Lusajo: Shikamoo mama, shikamoo baba mdogo. Nataka bustani ya mama ipate koki yake mapema, jua la Oktoba halina huruma. Simtanki liko upande wa jikoni, bustani iko ng'ambo ya njia ya gari, katikati zege la mita 3. Mpira tukiutandaza juu, gari linaukanyaga. Nitafute mashine ya kukatia zege?

Mama: Marahaba mwanangu. Zege msilikate jamani. Ila kweli figiri na chainizi zinanyauka, na ndoo sasa zinanichosha mgongo.

Baba Mdogo: Marahaba Lusajo. Hakuna kukata. Hata ukiziba vizuri, ule mstari ndipo maji ya mvua yatakapoingilia. Tunapita chini.

Shemeji: Nimeona mafundi wanaunga mpira kwenye bomba la plastiki, maji yanachimba yenyewe mpaka upande wa pili. Si rahisi zaidi?

Baba Mdogo: Inawezekana shemeji, hasa kwa udongo wetu huu wa majivu ya volkano. Lakini kwa sababu ni mwepesi, maji yanazoa udongo mpana kuliko unene wa bomba na chini ya zege panabaki uwazi. Gari likisimama hapo, zege linapasuka. Kwenye njia ya miguu ningekubali. Hapa tunapiga bomba la chuma kwa nyundo lipenye chini ya zege.

Dada Tumaini: Huku Gangilonga jirani alipiga, likakutana na jiwe likapinda kwenda juu. Mawe ya Iringa mnayajua.

Baba Mdogo: Ndiyo maana unaanza na nondo. Ukiisukuma ikagota, unahama kidogo kabla hujaharibu bomba.

Mama: Na waya wa taa ya geti je? Marehemu baba yenu aliuzika pale karibu na mparachichi.

Baba Mdogo: Asante sana mama Lusajo, hilo ndilo kubwa. Lusajo, zima umeme wa geti, na mtaro upite mbali na mparachichi. Angalia pia bomba la maji machafu linaloenda kwenye karo.

Lusajo: Sawa baba mdogo. Bomba la inchi ngapi?

Baba Mdogo: Chuma cha inchi 1 na nusu. Bomba zima lina mita 6, kata mita 4. Upande wa bustani chimba mtaro mrefu ulionyooka, bomba lilale lote na wewe upate nafasi ya kurusha nyundo. Kina nusu mita. Upande wa jikoni shimo fupi linatosha. Ncha ya mbele ipondwe ifungwe, la sivyo udongo utajaa ndani. Nyuma weka kipande cha mti mgumu, usipige chuma kwa chuma. Weka pima maji juu ya bomba kabla ya kuanza, na uirudishe kila likiingia kama shubiri moja. Likianza kuinama mapema unaweza kulivuta. Likishafika katikati, ndiyo hivyo tena.

Lusajo: Na maji yapite humo humo?

Baba Mdogo: Hapana, hicho ni kinga ya nje tu. Ncha ikitokeza ikate kwa msumeno wa chuma, upitishe bomba jeusi la plastiki la milimita 25, kipande kimoja bila kiungo chini ya zege. Likiharibika unalichomoa na kuingiza jingine. Usichukue la nusu inchi. Simtanki lina kimo kidogo, msukumo wake ni mdogo, bomba jembamba litaunyonga.

*Jumamosi*

Lusajo: Limetokeza! Limeshuka vidole viwili tu. Udongo ulikuwa mkavu, tukamwagia maji mtaroni jana jioni.

Mama: Ndaga fijo (asanteni sana) wanangu, Mungu awabariki.

Baba Mdogo: Safi sana. Usifukie bado. Ukishaunga la plastiki, fungua maji koki ikiwa imefungwa, acha usiku kucha, asubuhi pitisha mkono mkavu kwenye kila kiungo. Halafu ziba midomo ya chuma panya wasiingie.

Mama: Na koki iinuke, ndoo ya lita 20 ikae chini yake.

Lusajo: Sawa mama. Kipande cha chuma kilichobaki ndicho kitakachoishikilia.