Naomba ushauri: dodoso la safari zetu za kila siku

Habari zenu wakuu. Jana jioni mjumbe alituletea vijana wawili wa utafiti wa usafiri, hapa Mbagala. Wameacha karatasi tuandike safari zote za Jumatano, kila mtu wa kaya: saa ya kutoka, ya kufika, chombo, nauli na sababu.

Yangu rahisi, daladala hadi Kariakoo na kurudi. Kazi ipo kwa mke wangu. Saa 10 alfajiri anapanda bodaboda hadi kituoni, daladala hadi Feri kuchukua samaki, kisha anarudi na kuzunguka kwa miguu na ndoo kichwani, nyumba kwa nyumba, hadi adhuhuri. Hiyo tuihesabu safari moja au kila kituo kivyake? Sitaki miguu yake iachwe, maana ndiyo inayokanyaga matope kusiko na njia ya waenda kwa miguu.

Halafu wanauliza kipato. Na binti yangu wa miaka 14 anakwenda shule peke yake; nasita kuandika saa na njia anayopita. Vitambulisho walionyesha, lakini roho haijatulia.

Mliowahi kujaza, naruhusiwa kuruka swali? Wanarudi Alhamisi.