Mjadala: Je, aina ya kadi ya bima ndiyo inayoamua hali ya mtoto mwenye selimundu?

Mzazi, Nkuhungu

Ndugu zangu, nimechoka kuambiwa kwamba bima ni bima. Kijana wangu ana miaka tisa na ana selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu. Alipokuwa na kadi yenye kitita kipana, yaani inayolipia huduma nyingi, na inayopokelewa hadi hospitali ya kanda, alilazwa mara moja tu katika miaka miwili. Kadi hiyo ilipoisha muda tukahamia kadi nafuu ya kaya, ambayo inakomea hospitali ya mkoa, na ndani ya mwaka mmoja akalazwa mara nne. Mtoto ni yule yule na ugonjwa ni ule ule. Kilichobadilika ni kadi. Hoja yangu ni kwamba watoto wenye magonjwa ya kudumu hawapaswi kugawanywa katika vitita viwili. Anayepinga na apinge.

Mtakwimu, Dodoma Makulu

Pole sana, ndugu Mzazi. Napinga, ingawa si yote. Marekani wanao mpango wa Medicaid, ulioanza mwaka 1965 kwa ajili ya watu wa kipato cha chini, na tafiti nyingi za huko zimekuta watoto wenye pumu walio katika mpango huo wakikimbizwa hospitali kwa dharura mara nyingi zaidi kuliko wenye bima binafsi. Msomaji wa haraka atasema Medicaid ni bima mbaya. Lakini mtoto huingia Medicaid kwa sababu wazazi wake hawana kitu, na kutokuwa na kitu ndiko kunakomweka katika chumba chenye ukungu ukutani na kumfanya mama ashindwe kuomba ruhusa kazini siku ya kliniki. Kadi inabebeshwa lawama za nyumba.

Jimbo la Oregon lilipogawa nafasi za Medicaid kwa watu wazima kwa bahati nasibu mwaka 2008, tofauti hizo za kipato kati ya waliopata na waliokosa ziliondolewa na bahati nasibu yenyewe. Baada ya takriban miaka miwili watafiti hawakuona mabadiliko ya kueleweka katika shinikizo la damu wala sukari, ila waliona sonona ikipungua na gharama za matibabu za kufilisi familia zikikaribia kutoweka. Kwa hiyo kadi hulinda mfuko kwa hakika; kuhusu mwili, inategemea. Nawe umetuletea mtoto mmoja: msimu mmoja wa mvua wenye malaria nyingi unatosha kumlaza mara mbili.

Tabibu wa zahanati, Chamwino

Mtakwimu amesema kweli, lakini ameanzia mbali. Selimundu haisubiri wastani. Kinachomzuia mtoto asilazwe kinajulikana: foliki asidi, penisilini hadi afikishe miaka mitano, kinga ya malaria, na haidroksiyurea, dawa ya kumeza inayopunguza makali ya selimundu, kila siku. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ukachapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba kwa watoto waliotumia haidroksiyurea vipindi vya maumivu, malaria, kuongezewa damu na hata vifo vilipungua. Basi kila kadi niiulize jambo moja: inamfikishia mtoto vidonge hivyo kila mwezi bila kukatika? Hata msamaha wa matibabu, ambao kwa sera unawahusu wenye magonjwa ya kudumu, haujazi rafu ya dawa.

Kuhusu vitita viwili, tuseme ukweli. Toto Afya Kadi, bima ya mtoto mmoja mmoja ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, na sisi wenyewe tulikuwa tukimwambia mzazi, baada ya majibu ya maabara kutoka, "Nenda ukamkatie bima." Mfuko unaoingiwa na wagonjwa watupu hauwezi kusimama, na Machi 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, ukaelekezwa kupitia shule. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, iliyowekewa mchango wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, haiwezi kununua kitita kile kile. Ndiyo maana sheria ya bima ya afya kwa wote, iliyopitishwa na Bunge hapa Dodoma Novemba 2023, inamtaka kila mtu aingie angali mzima.

Mzazi, Nkuhungu

Mtakwimu, kipato changu hakikubadilika kati ya kadi ile na hii, kwa hiyo umaskini hauelezi tofauti niliyoiona. Malaria nakubali: mara moja kati ya zile nne ilikuwa malaria. Ila Tabibu amenigusa mahali ambapo sikupataja. Kati ya kadi ya kwanza na ya pili tulikaa miezi miwili bila kadi yoyote, vidonge vikaisha, na mara ya kwanza kati ya zile nne alilazwa katika miezi hiyo. Sasa nakuuliza: vidonge vikipatikana mkoani kwa kadi hii, nahitaji kanda ya nini?

Tabibu wa zahanati, Chamwino

Kwa vidonge na kipimo cha kuhesabu chembe za damu, huhitaji. Kwa kipimo cha mishipa ya damu ya ubongo, kinachoonyesha mtoto aliye hatarini kupata kiharusi, huenda ukahitaji. Kwa kupandikiza uloto, ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, huduma ambayo Hospitali ya Benjamin Mkapa ya hapa Dodoma ilianza kuwapa watoto wenye selimundu mwaka 2023, kanda haikwepeki, na hapo hakuna kadi ya shilingi 30,000 itakayokuvusha. Hoja yako ya vitita inabaki hai kwa hao wachache. Kwa kijana wako, usiache tarehe ya mwisho ya kadi ikukute.