Land Rover ya babu na mteremko wa Isyonje

(Kikundi: UKOO WA MZEE, UYOLE)

IJUMAA

Ambokile: Shikamooni wakubwa wote. Oneni picha. Land Rover ya babu IMEWAKA. Miaka minne imelala chini ya mparachichi, leo nimeweka betri, nimesafisha kabureta, stati ya tatu ikanguruma. Krismasi tunashuka nayo Tukuyu kwa bibi.

Shangazi Tupo: Marahaba. Mwe! Kuwaka imewaka. Kusimama inasimama?

Ambokile: 😅 Hapo ndipo penye kazi shangazi. Kwa sasa unapampu pedali mara tatu ndipo inashika. Nataka ning'oe dramu za mbele niweke diski. Kuna watu Uingereza wanauza seti kamili.

Neema Dar: Kaka, bei umeiona? Ng'ombe watatu, na hapo ushuru haujaingia.

Mama Sekela: Wapendwa samahani nawakatiza, mchango wa kipaimara cha Gwakisa mwisho Jumapili.

Bamdogo Lugano: Marahaba Ambokile. Hongera kwa kuiamsha. Sasa diski za nini? Hiyo ni 88, ile fupi, ya mwaka 1968, petroli, lita 2.25. Ukifika spidi 80 masikio yanaomba msamaha. Dramu si ugonjwa wake.

Ambokile: Ugonjwa ni nini Bamdogo?

Bamdogo Lugano: Njia moja ya mafuta ya breki. Masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, ina chumba kimoja, tairi zote nne zinakunywa humo. Raba ya breki ikichanika kwenye tairi ya nyuma kushoto, mafuta ya gari nzima yanamwagikia huko huko, pedali inazama mpaka bati, huna breki hata tairi moja. Ukifunga diski ukaiacha masta hiyo, utakuwa na diski mbili za kupendeza zisizo na mafuta.

Bamdogo Lugano: Anza na masta ya njia mbili. Mbele kivyake, nyuma kivyake. Upande mmoja ukivuja unabaki na mwingine. Breki itakuwa mbovu lakini itakuwepo.

Shangazi Tupo: Mimi hapo nimeelewa kuliko diski.

Bamdogo Lugano: Halafu dramu za mbele. Hizo za 88 ni inchi 10, kila tairi ina silinda moja tu inayosukuma shuu mbili, vile vipande vinavyobana dramu kwa ndani. 109, ile ndefu, ina inchi 11 na silinda MBILI kila tairi ya mbele, kila shuu na silinda yake. Gari ikienda mbele, shuu zote mbili zinavutwa na dramu yenyewe zijikaze zaidi. Inakaa kwenye 88 bila kuchomelea kitu. Huku Mafinga kuna 109 Series III imekufa injini nyuma ya gereji, nimfuate mwenyewe?

Ambokile: Mfuate Bamdogo! Ndaga fijo 🙏

Bamdogo Lugano: Nitakung'olea dramu, zile sahani za nyuma yake, na masta pamoja na busta inayousaidia mguu kukanyaga na boksi yake ya pedali. Masta ya 88 haitoshi, haisukumi mafuta ya kujaza silinda nne za mbele, pedali itakuwa ndefu kama hotuba ya harusi. Neema, shuu mpya, wili silinda mpya na hozi mpya utafute Gerezani. Vya raba sichukui vilivyotumika.

Neema Dar: Niandikie vizuri Bamdogo, wale wakiona mwanamke anauliza spea bei inapanda yenyewe.

Bamdogo Lugano: Nenda na silinda ya zamani mkononi. Ukiwa na sampuli hawakuchezei.

ALHAMISI

Ambokile: Mzigo wa Mafinga umefika kwa basi. Wa Dar pia. Kesho naanza.

Bamdogo Lugano: Kabla hujaingia chini. Handbreki ya Land Rover haishiki tairi. Inashika shafti, nyuma ya giaboksi. Ukiinua tairi moja ya nyuma kwa jeki, difu inaiachia izunguke, na gari inatembea huku handbreki imevutwa mpaka juu. Weka mawe mbele na nyuma ya tairi zilizobaki chini. Gari ikae juu ya stendi, jeki peke yake hapana. Matofali ya kuchoma pia hapana, yanapasuka.

Ambokile: Sawa Bamdogo.

Bamdogo Lugano: Na vumbi la ndani ya dramu usilipulize. Shuu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, hilo si vumbi la kuvuta. Loanisha kwa maji, futa kwa kitambaa, kitambaa kitupwe.

Shangazi Tupo: Na watoto wasikae hapo kuangalia!!

IJUMAA

Ambokile: Tatizo. Paipu ya nyuma imeliwa na kutu, nimeishika ikakatika. Fundi jirani anasema tuunge kwa mpira wa petroli na klipu mbili, "bosi hiyo inakwenda mpaka Kyela".

Bamdogo Lugano: Mwambie atangulie yeye Kyela, kwa mguu.

Bamdogo Lugano: Ambokile. Siku mbuzi akikatiza barabara utakanyaga kwa mguu wote, presha ndani ya paipu hiyo inakuwa mara nyingi kuliko upepo wa tairi. Mpira wa petroli utapasuka kama puto. Paipu nzima mpya, ya chuma au ile ya shaba na nikeli, na midomo ipanuliwe kwa mashine yake, si kwa kugongwa na nyundo. Hapo Mwanjelwa wapo wanaopanua vizuri, mimi mwenyewe wamenitengenezea.

Ambokile: Nimeelewa. Naenda.

Anko Mwaisa: Nimesoma kuanzia juu. Hivi tusingeuza tu hiyo gari tukanunua Noah?

Shangazi Tupo: Mwaisa nyamaza.

JUMAMOSI

Ambokile: Kila kitu kimefungwa. Nimetoa upepo kwenye mafuta ya breki, kuanzia tairi ya mbali kabisa na masta. Gwakisa ndiye alikuwa mkanyagaji. "Kanyaga, shikilia, achia" mara sitini, akasinzia kwenye usukani 😂 Pedali bado laini kama maandazi.

Bamdogo Lugano: Ulikaza shuu kwanza?

Ambokile: Kukaza vipi?

Bamdogo Lugano: Aah. Nyuma ya sahani kuna bolti za kurekebishia. Za mbele ni mbili kila tairi, kila shuu na yake. Zungusha tairi kwa mkono huku unakaza mpaka shuu imegusa dramu na tairi imegoma, halafu rudisha kidogo mpaka inazunguka tena. Usipofanya hivyo, mafuta yote unayosukuma yanaishia kuzisogeza shuu kutoka mbali. Ukitoa upepo mpaka Pasaka hutapata pedali.

Ambokile: Dakika ishirini nakuja.

Ambokile: BAMDOGO. Pedali iko juu, ngumu, mara moja tu. Naingiza barabarani.

Bamdogo Lugano: Barabarani wapi! Uani kwanza.

Ambokile: Ni uani ndiyo. Sasa sikilizeni maajabu. Nikirudi nyuma nikakanyaga, inasimama nusura nigonge kichwa. Nikienda mbele, inajikokota tu, inasimama kwa kusita. Mafuta hayavuji. Upepo hakuna.

Mama Sekela: Hiyo gari inamkumbuka babu.

Anko Mwaisa: Noah hazina mambo haya.

Bamdogo Lugano: Ukirudi nyuma inashika, ukienda mbele haishiki?

Ambokile: Ndiyo.

Bamdogo Lugano: Hahahaha. Sahani ya kulia umeifunga kushoto, na ya kushoto kulia.

Ambokile: Zinafanana!

Bamdogo Lugano: Zinafanana kama mapacha, na kila pacha na jina lake. Nilisema shuu zote mbili zinavutwa na dramu gari ikienda mbele. Ukizibadilisha upande, zinavutwa ukirudi nyuma, na ukienda mbele dramu inazisukuma zitoke. Una gari yenye breki bora kuliko zote Uyole, kwa kinyumenyume. Kosa langu pia, ningeziandika kwa chokaa kabla sijazipandisha basi. Zing'oe.

Ambokile: Na upepo natoa upya?

Bamdogo Lugano: Upya. Mwamshe Gwakisa.

Bamdogo Lugano: Ile chupa ya DOT 4 uliyofungua leo asubuhi, ulifunga kizibo?

Ambokile: Iko wazi juu ya mudigadi…

Bamdogo Lugano: Na mvua hiyo ya Uyole. Fungua nyingine. Mafuta ya breki yanakunywa unyevu wa hewani. Yakiwa mapya DOT 4 haichemki chini ya nyuzi 230. Yakishashiba maji yanaweza kuchemka kwenye 155. Yakichemka yanakuwa mvuke, mvuke ni upepo, na upepo unaminyika. Pedali inazama bila tone kuvuja.

Bamdogo Lugano: Mteremko wa Kitonga ulinipata. Niko na lori, nimebeba mbao, najiona dereva, nashuka na gia ya tano huku nimekalia breki. Kona ya tatu nikasikia harufu ile ya shuu kuungua, ukishaisikia huisahau. Kanyaga, hakuna. Niliokolewa na gia, nikapiga kushuka moja moja injini inalia kama inachinjwa, mwisho nikalaza ubavu kwenye ukingo wa mlima. Tingo wangu aliruka, akarudi nyumbani akaanza kulima nyanya. Mpaka leo ana shamba zuri Ilula.

Shangazi Tupo: Hii hukuwahi kutuambia Lugano.

Bamdogo Lugano: Mama yetu alikuwa anaumwa presha wakati ule.

JUMATATU

Ambokile: Sahani zimebadilishwa, mafuta mapya, upepo umetoka. Nimepanda Igawilo mpaka Isyonje nikageuza, nikashuka na gia ya pili, breki nagusa na kuachia. Inasimama IMENYOOKA, haivuti upande. Chini nikagusa rimu kwa mkono, zote nne moto sawasawa.

Bamdogo Lugano: Hapo kwenye joto sawasawa umenifurahisha kuliko yote. Busta je?

Ambokile: Niliizima gari nikakanyaga mara nne pedali ikawa ngumu, nikashikilia mguu, nikawasha, pedali ikazama kidogo yenyewe.

Bamdogo Lugano: Inafanya kazi. Ndiyo maana hatuzimi injini mteremkoni kubana petroli, Mwaisa unasikia? Ukizima, busta inakupa mikanyago miwili mitatu, baada ya hapo ni mguu wako na Mungu.

Anko Mwaisa: Mimi nimesema nini jamani.

Bamdogo Lugano: Na mkipita kwenye maji dramu zinalowa, breki zinapotea. Ukitoka majini kanyaga kidogo kidogo huku unatembea mpaka zikauke. Diski zinakauka haraka kuliko dramu, hapo nakubali, diski wana pointi moja.

Sekela: Bibi ametuma sauti, naandika alichosema: "Mwambieni Ambokile babu yake gari hiyo aliiwekea jiwe nyuma ya tairi kila alipoegesha, miaka yote. Jiwe lenyewe liko chini ya siti ya kushoto. Asilitupe."

Ambokile: Lipo!! Nilidhani uchafu, nimeliweka kwenye ua wa kuku.

Bamdogo Lugano: Kalitoe. Na baada ya kilomita mia kadhaa shuu mpya zitakuwa zimekaa, ukaze tena zile bolti za nyuma ya sahani.

Shangazi Tupo: Mnaondoka tarehe 23 saa ngapi? Nina debe mbili za viazi.

Ambokile: Saa kumi na mbili asubuhi. Shangazi si ulisema unapanda Kosta?

Shangazi Tupo: Viazi vinapanda Land Rover. Mimi bado nafikiria.