Naomba ushauri: vizibao vya reflekta vya bei nafuu kwa kazi ya barabarani

Wakuu, habari za kazi. Niko Mbeya. Kikundi chetu kinafyeka nyasi na kuzibua mitaro kandokando ya barabara ya Chunya, huku juu Kawetere. Asubuhi ukungu unashuka kwelikweli. Lori unalisikia kwanza, kuliona ni baadaye.

Tunataka vizibao vipya, bajeti haizidi 8,000 kwa kimoja. Vya bei hiyo Mwanjelwa vipo tele, shida ni utepe. Umegundishwa tu, ukifuliwa mara chache unabanduka pembeni na ule mng'ao unapukutika kama maganda ya kitunguu. Fundi cherehani ametushonea kimoja upya, kimeshika vizuri. Kiwango cha kimataifa cha mavazi ya kuonekana kwa urahisi, ISO 20471, kinataka utepe wa upana usiopungua milimita 50, na vingi nilivyopima sokoni havifiki. Saizi tumeshakubaliana ni XL kwa wote, maana Juni na Julai huku hakuna anayefanya kazi bila koti.

Sasa naomba mnisaidie mawili. Rangi: njano au chungwa? Nyuma yetu ni nyasi mbichi na miti, mimi naona njano inamezwa, wenzangu wanabisha.

La pili, jina la kikundi mgongoni. Mchapaji mmoja alijaribu kwa mashine ya joto, poliesta ikajikunja. Je, uchapaji wa skrini unadumu kwenye kitambaa hiki, au tushonee kiraka chenye jina katikati ya tepe bila kuzifunika?