Arobaini ya mzee wetu inatugombanisha ndugu, naombeni ushauri

Binti wa Makorora: Salaam wanajamvi. Mzee wetu ametangulia mbele ya haki mwezi uliopita hapa Tanga. Mazishi yalikwenda vizuri, watu walijaa hadi barabarani. Shida ni arobaini. Kaka mkubwa siku hizi anaswali na Answari, wale watu wa Sunna, hataki kusikia habari ya hitma, kisomo cha kumwombea marehemu: bidaa, Mtume hakufanya, pilau hataigusa. Shangazi naye ameshapiga hesabu ya mchele na kuwaalika walimu wa madrasa. Anasema ndugu yake aliitikia dua za watu maisha yake yote, haiwezekani yake ikose. Mdogo wetu yuko Dar, anakubaliana na yeyote aliyempigia mwisho.

Mimi niko katikati, kwa umri na kwa dini. Naswali, nafunga, lakini kwenye msiba kilichonishika ni wale kina mama waliolala nasi mkekani, kuliko mawaidha. Pesa iliyopo ni milioni moja na ushee. Nifanyeje?

Mvuvi wa Deep Sea: Pole sana dada. Kaka yako ana hoja. Jaafar bin Abi Talib alipouawa vita vya Muta, Mtume aliagiza familia yake ipikiwe chakula, maana wamefikwa na la kuwashughulisha. Jirani ndiye mpishi. Sisi mfiwa ndiye anakopa mchele ili alishe mtaa.

Mzee wa Barabara ya 12: Jirani walishapika, kijana. Walileta sembe, kuni, sukari, wakalala. Kwetu Ngamiani hitma ndiyo siku ya kuwaambia ahsanteni. Na kumwombea maiti hakuna aliyekukataza. Mabishano yapo kwenye kuifanya siku maalumu iwe kama faradhi. Basi someni siku ya thelathini na nane muone nani atanuna. Mtajua kama mnagombania dini au kalenda.

Mbondei: Mimi Mwanglikana wa Muheza, msidhani ni yenu peke yenu. Kwetu arobaini ina misa, na padri anamwombea marehemu. Dada yangu aliyeokoka anasema aliyekufa haombewi tena, anabaki nje hadi chakula kitoke. Hapo anaingia.

Mama Ntilie Mabawa: 😂 Mbondei umenichekesha. Ila wote mnapita pembeni. Mama yenu yuko eda, miezi minne na siku kumi, arobaini inamkuta humo humo ndani. Ameulizwa? Na hiyo milioni ni ya nani? Kama aliiacha mzee, si ya shangazi wala ya kaka. Qurani imetanguliza wasia na deni, ndipo mgao, na mjane mwenye watoto ana thumuni yake, moja ya nane. Kuwapikia watu pilau kwa mali ya warithi bila ridhaa yao ni kesi nyingine kabisa, hata huyo kaka wa Sunna sijamsikia akiitaja.

Binti wa Makorora: Mama Ntilie, Mungu akuweke. Nimemuuliza mama leo. Pesa ni za mzee kweli, alikuwa anakusanya za bati. Na kuna fundi mbao anamdai laki tatu na nusu. Alikuja siku ya tatu, akala, akaondoka bila kusema neno. Kaka kasikia deni tu, kesho anakwenda kulipa, hapo hakuna aliyebishana. Kisomo mama anakitaka, ila baada ya alasiri, kahawa na mikate ya kumimina, basi. Mdogo wetu kasema sawa, kama kawaida yake. Kaka atakaa barazani. Shangazi bado hajaambiwa, na mchele keshanunua.

Mzee wa Barabara ya 12: Mchele hauozi, apelekewe mjane.

Mama Ntilie Mabawa: Na usiende kumwambia wewe, utaitwa mtoto. Amwambie mama, wifi kwa wifi.